Naomba ushauri: binti yangu amekatazwa kusali shuleni (Marekani)

Habari zenu ndugu. Tunaishi Marekani na binti yangu yuko darasa la saba, shule ya umma. Yeye na wenzake huinamisha vichwa kabla ya chakula cha mchana, wanasali kimyakimya, basi. Juzi mwalimu wa zamu kawaambia waache, eti dini haina nafasi kwenye shule ya serikali. Na kadi alizoandika kwa mkono kuwaalika rafiki zake kwenye kipindi cha Biblia zikachukuliwa.

Ninavyoelewa, Mahakama ya Juu ilipiga marufuku sala zinazoandaliwa na shule mwaka 1962, na hilo naliunga mkono kabisa. Sitaki mwalimu amsalishe mtoto wa mwenzake. Lakini kesi ya Tinker ya 1969, ile ya wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita ya Vietnam, ilisema mwanafunzi haachi uhuru wake wa kujieleza getini, ilimradi havurugi masomo. Sala ya kimya inavuruga nini? Kwenye kadi ndipo nasitasita, maana shule inaruhusiwa kupanga muda na mahali pa kugawa vitu.

Waliopitia haya, nianze na barua kwa mkuu wa shule, au niende moja kwa moja ofisi ya elimu ya wilaya? Na binti aendelee kusali wakati tunasubiri? Siku hizi anakula peke yake, inaniuma sana.