Tupeane uzoefu: uliachwa kikosini au uliumia ukiwa kijana, nini kilikurudisha uwanjani?

Dada wa Chikongola
Habari zenu wana Kusini. Leo asubuhi nimepita uwanja wa Nangwanda Sijaona hapa Mtwara nikitokea sokoni, nikamkuta kijana wa kama miaka 16 kakaa nje ya ukuta, njumu kazifunga kamba kazining'iniza shingoni, analia huku kajiziba mdomo kwa fulana ili asisikike. Nikamuuliza, mwanangu kuna nini? Akajibu neno moja tu: "Wameniacha." Kumbe walikuwa na mchujo.

Nimefika nyumbani hata samaki wamenishinda kupara. Mimi nilicheza netiboli sekondari, nafasi ya GA, mfungaji. Nikiwa kidato cha tatu majina ya timu ya wilaya yakabandikwa ubaoni. Niliyapitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, nikarudia kutoka chini kwenda juu. Nikainama kutafuta kwenye vumbi chini ya ubao, nikidhani labda kuna karatasi ya pili imedondoka. Tangu siku ile netiboli sijaigusa, na sasa nina watoto watatu. Hakuna aliyekuja kuniuliza una nini.

Mliorudi, mlirudije? Yule mtoto ameniambia Jumamosi atakuja tena kuangalia wenzake, nami nataka niwe na la kumwambia.

Kipa wa Mchangani
Pole dada. Hilo neno "wameniacha" nalijua. Linauma kuliko kufungwa tano.

Mzee wa Masasi
Ajikaze. Sisi tukikosa penati tulichapwa na tukaimarika. Vijana wa sasa mkiwabembeleza mnawaharibu.

Binti Ilulu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakataa. Mimi nilikimbia mita 200, shule yetu ipo ndani ndani huko Lindi vijijini. Uwanja wetu hauna mistari, tunakimbia peku kwenye mchanga. Nikashinda wilaya, nikashinda mkoa, nikaenda UMISSETA taifa, michezo ya shule za sekondari. Kwenye ile kona ya mwanzo nikafanya nilivyozoea, nikakata kwenda ndani. Nimemaliza wa pili nashangilia, naambiwa nimetoka kwenye njia yangu, matokeo yamefutwa. Mtu wa kwanza kunipokea alinipiga kofi mbele ya wenzangu. Lile kofi halikuniimarisha, lilinifanya niogope kona.

Aliyenirudisha ni mwalimu wa hesabu, hata si wa michezo. Kila Jumamosi alikuja na ndoo ya majivu kutoka jikoni kwa shule, anafunga kamba kwenye kigingi, anachora kona na njia zake. Mimi nakimbia kona tu. Sikimbii 200, kona tu, mara kumi, kumi na tano. Mvua ikinyesha majivu yanapotea, Jumamosi inayofuata anachora upya. Mwaka uliofuata nilifika fainali nikawa wa sita. Wa sita jamani, nililia kwa furaha!

Kuchele Damu
Binti Ilulu umenigusa na hiyo ndoo ya majivu.
Mimi nasema hivi, Ndanda, timu yetu ya Mtwara, ilipanda Ligi Kuu 2014, ikashuka 2020, timu nzima ikaachwa, na jezi yangu bado naivaa. Mwambie huyo dogo kushuka si kufa.

Ruangwa Kwetu
Ukitaka mfano wa Kusini sema Namungo, timu yetu ya Ruangwa. Februari 2021 wamezuiwa Luanda kwa mambo ya vipimo vya korona, wamerudi, wakaipiga Primeiro de Agosto ya Angola 6-2 na kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho. Huko ndiko kuinuka.

Kuchele Damu
Nilijua tu utaileta Namungo.

Ruangwa Kwetu
Kwani nimesema uongo?

Kipa wa Mchangani
Ndugu zangu, kuna mtoto analia Nangwanda. Namungo na Ndanda pelekeni kwenye uzi wenu.

Mkorosho Mmoja
Mnisamehe nitaandika ndefu. Haya sijawahi kuyaandika popote.

Nilikuwa na miaka 17, winga wa kulia, kijiji kimoja Tandahimba. Mwalimu wa timu ya vijana ya Dar aliniona Mtwara mjini akaniita majaribio. Nauli baba aliikopa, atalipa korosho zikiuzwa. Basi lilikuwa Jumatatu alfajiri. Jumamosi kijijini kuna fainali ya ndondo, zawadi mbuzi wawili. Mama alikataa. Nahodha akaja mpaka jikoni kuniombea ruhusa, mama akanyamaza, nami nikachukulia kimya chake ni ndiyo.

Zimebaki dakika chache, nimeshampita beki, nakita mguu wa kulia ili niingie ndani. Karibu na kibendera cha kona pale kwetu kuna mzizi wa mwembe umetokeza. Hakunigusa mtu. Mguu ulibaki pale pale, mwili ukazunguka. Nilisikia kitu kimekatika ndani, kama kijiti kibichi. Nikainuka, nikatembea, nikasema nimepona. Usiku goti lilikuwa kama dafu.

Bibi, Mungu amrehemu, alinikanda kwa maji ya moto na mwarobaini mpaka jogoo la kwanza. Asubuhi suruali haipiti. Baba hakuambiwa.

Nikapanda basi. Nilikaa siti ya upande wa njia ili ninyooshe mguu, kila abiria anayeshuka ananigonga. Lindi, Somanga, Daraja la Mkapa, mpaka Mbagala. Kwenye majaribio nilifunga bandeji chini ya soksi, nikameza vidonge vya maumivu. Mpira wa tatu kunifikia nikageuka, goti likatoka likarudi. Mwalimu akanibonyeza, akauliza, umeumia lini? Nikamwambia sasa hivi. Alinitazama muda mrefu. Alijua.

Umeme umekatika na simu ina asilimia tisa. Nitarudi.

Dada wa Chikongola
Usituache hapo kaka yangu.

Kuchele Damu
Jamani mwenye pawabenki ampelekee mtu Tandahimba.

Nesi Mikindani
Akiwa anatafuta chaji niseme la kazi yangu. Goti au kifundo kikivimba leo, usikande kwa moto. Moto unaongeza uvimbe. Chukua zile barafu za watoto za kwenye vifuko, zifunge kwenye kanga zisiguse ngozi, weka dakika 15 hadi 20, pumzisha, halafu rudia baada ya masaa. Mguu uinuliwe juu ya mto. Ukisikia kitu kimekatika na goti limevimba siku hiyo hiyo, nenda hospitali, usilale nalo.

Mzee wa Masasi
Bibi zetu wametukanda kwa moto miaka yote na tunatembea.

Nesi Mikindani
Mzee wangu, wanaotembea tunawaona. Wanaochechemea wapo majumbani.

Mzee wa Masasi
Sawa, lakini moyo wa kuvumilia muuache? John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu, Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bandeji, kamaliza marathoni usiku watu wameshaondoka. Angekuwa wa siku hizi angekaa na barafu.

Mkorosho Mmoja
Nimerudi, nipo kwa jirani mwenye sola. Mzee, shikamoo. Akhwari huyo huyo ndiye niliyekuwa naye kichwani ndani ya lile basi. Nilijiambia yeye alimaliza, mimi ni nani niseme naumwa.

Hospitali walisema kano ya ndani ya goti imekatika. Upasuaji hatukuuweza. Lakini si hilo lililokuwa baya kuliko yote. Baya lilikuwa kumwambia baba. Nilimkuta shambani anapuliza salfa, uso wote na kope ni njano. Akazima mashine. Nikamweleza yote, fainali, mbuzi, basi, uongo niliomwambia mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kaa kivulini." Akawasha mashine, akaendelea na mistari yake mpaka jua linazama. Mimi kivulini naomba angalau anitukane.

Mtaalamu wa viungo alinipa mazoezi: kukaza paja mguu umenyooka, kupanda na kushuka kizingiti, kusimama mguu mmoja. Niliyaona ya kitoto nikaacha. Msimu ulipofika, jioni moja baba amekaa anachambua korosho. Akaniita, akaniambia simama kwa huo mbovu. Akaanza kuhesabu korosho, moja moja, kuzitia kwenye kikapu. Nikiyumba nikagusa chini, anamwaga zote, anaanza upya. Siku ya kwanza hatukufika kumi na mbili. Hakusema neno lingine. Kesho yake tena, kila siku, msimu mzima. Siku tuliyofika mia alizihesabu taratibu makusudi, nikamwona anacheka kwa pembeni.

Ilichukua miezi 14. Kasi ya winga haikurudi, nilirudi beki wa kati. Ligi Kuu sikufika. Nimecheza ligi ya mkoa misimu sita na goti halijatoka tena.

Binti Ilulu
Nimesoma nikiwa kwenye bajaji, abiria mwenzangu ananiuliza dada vipi.

Kuchele Damu
Deni la nauli lililipwa?

Mkorosho Mmoja
Lililipwa. Baba ndiye alilipa.

Mwalimu Mstaafu Nachingwea
Nimefundisha michezo miaka mingi, naomba niongeze kuhusu Akhwari maana wengi wanamsimulia nusu. Walioanza Mexico walikuwa 75, waliomaliza 57, naye ndiye wa 57. Lakini mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Tunawafundisha watoto ile siku aliyochechemea, ile miaka miwili aliyojitibu na kujijenga hatuwafundishi. Vivyo hivyo Alphonce Simbu wa marathoni: shaba ya dunia London 2017, dhahabu Tokyo 2025, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03. Katikati hapo ni miaka minane, na asubuhi ngapi za mazoezi bila kamera!

Mtoto aliyeachwa apewe kazi ndani ya wiki hiyo hiyo. Abebe mipira, ahesabu pasi, apige filimbi mazoezini. Mimi niliowapoteza ni wale niliowaacha waende nyumbani peke yao.

Mzee wa Masasi
Mwalimu, la Edinburgh sikulijua. Nimekusikia.

Kipa wa Mchangani
Mimi nasema ahamie golini. Makipa hatuna foleni.

Ruangwa Kwetu
Apumzike mwezi mzima asiuone mpira, arudi na hamu.

Nesi Mikindani
Usimpumzishe peke yake lakini.

Dada wa Chikongola
Nimewasoma wote, na nimesoma ya Mkorosho mara mbili. Jumamosi nitakwenda Nangwanda. Nitamkalisha, nitamnunulia ming'oko, vile viazi pori vyetu, nitamuuliza anacheza nafasi gani, maana hata hilo sikumuuliza. Kisha namtafuta mwalimu wake nimwombee hiyo kazi ya kubeba mipira. Kitu kingine, njumu zake nilizitazama, ya kulia imeachia mbele, kaifunga kwa waya. Mwenye njumu za zamani namba 40?

Kipa wa Mchangani
Ninazo 41, zipo Ligula kwa dada. Avae soksi mbili. Uje kuzichukua Ijumaa baada ya swala.