Hivi unene ni uzembe wa mtu au tunaonea watu bure?

Wakuu, juzi kuna mdau kaandika humu eti mnene ni mtu aliyeshindwa kufunga mdomo, hakuna cha homoni wala nini. Nikameza mate nikapita zangu, ila leo nasema.

Mimi nishawahi kujinyima nikashuka kilo 14 ndani ya miezi minne, sifa kila kona. Kilichofuata hakuna aliyekiona, saa nane usiku nimesimama jikoni gizani, mfuniko mkono huu kijiko mkono huu, nakula kiporo cha baridi na taa siwashi maana sitaki hata mimi mwenyewe nijione. Kilo zikarudi zote na tatu za juu.

Nikajua sina nidhamu. Kumbe 1944-45 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wazima wa afya, wamejitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa miezi sita, kama kalori 1,570 kwa siku (kuna dayati za siku hizi zinakupa chini ya hapo!). Jamaa wakawa stori zao ni msosi tu, wanasoma vitabu vya mapishi, wanalamba sahani, na walipoachiwa wakafakamia balaa. Nao walikuwa wazembe?

Halafu kuna washiriki 14 wa shindano la kupungua kwenye TV ya Marekani, walipimwa tena miaka sita baadae, majibu yakatoka 2016, miili yao bado inaunguza kalori kama 500 kwa siku pungufu ya inavyotakiwa kwa watu wa saizi yao. Yaani mwili uliweka kinyongo.

NYONGEZA: naona mnanijia juu na "kalori ni kalori", yaani unene ni hesabu ya unachokula tu. Sawa, sijakataa, mafuta hayaumbwi na hewa. Swali langu ni nini kinamfanya mtu ale zaidi bila kujijua. 2019 walifungiwa watu 20 sehemu moja, wiki mbili wanakula vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vya kawaida, sukari na mafuta kwenye chakula wanachoandaliwa ni sawasawa, kila mtu anakula mpaka ashibe mwenyewe. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Watu walewale, nidhamu ileile.

Na aliyeuliza "kwa hiyo tujilie tu?", hapana ndugu, kisukari na presha sio utani. Mimi nimeacha kufunga mdomo, nabadilisha kinachoingia, naenda taratibu mno, na mizani nimempa jirani.

Ila mnaotetea dayati naomba kitu kimoja, picha za kabla na baada tumezichoka, wekeni ya miaka mitano baada ya hiyo baada.