MREJESHO: Ile trio ya piano niliyoomba, nimeipata

Wakuu narudi na mrejesho. Niliomba mnitajie jazi ya piano, besi na dramu tu, ila zisiwe zile nyimbo kila hoteli inapiga, mmoja wenu akasema tafuta mpiga piano Herbie Nichols.

Aisee! Jamaa wa New York, karibu nyimbo zote katunga mwenyewe, akarekodi na lebo ya jazi ya Blue Note 1955 na 1956, dramu kuna Art Blakey, kwingine Max Roach, na bado watu hawakumjali, akaishia kupigia bendi za diksilendi (jazi ya mtindo wa zamani) apate hela ya kula mpaka kansa ya damu ikamuua 1963, miaka 44 tu. Inauma.

Wimbo wake unaojulikana ni Lady Sings the Blues, nao ni kwa vile mwimbaji Billie Holiday aliutilia maneno. Mimi nimenasa kwenye House Party Starting, jina la pati ila melodi ina kahuzuni fulani, inajikunja hujui itatokea wapi, halafu mpiga dramu anajibizana na piano kabisa, siyo kushika mdundo tu. Wife anasema inamtia wasiwasi 😂

Uliyenitajia ubarikiwe mkuu, haya leta mwingine.