Gemu likificha kanuni zake, mbona anayechekwa ni mchezaji?

Wakuu, heshima kwenu. Nimechoshwa na tabia ya kumcheka kila anayekuja hapa kusema kwamba juzi tu ndiyo ameng'amua jambo lililokuwamo ndani ya gemu tangu siku ya kwanza. Mtu anaandika kwa aibu kana kwamba amefumaniwa, na majibu yanayofuata ni vicheko na swali la siku zote alikuwa wapi. Hakuna hata mmoja anayeuliza angejuaje.

Chukueni Super Mario Bros., gemu la mwaka 1985. Ukiishiwa maisha katika dunia ya saba, yaani sehemu ya saba ya gemu, skrini inakutangazia kwamba mchezo umekwisha, halafu unaanzishwa upya kutoka dunia ya kwanza. Kumbe ukishikilia kitufe cha A na kubonyeza Start kwenye skrini ya kuanzia, unaendelea na hatua ya kwanza ya dunia ileile uliyofia. Skrini yenyewe haisemi lolote. Kuna watu wamekua, wameoa na wamezaa wakiamini kwamba kurudi mwanzo ndiyo sheria.

Linalonikera zaidi ni GTA San Andreas ya mwaka 2004, kwa sababu hilo tulilicheza karibu sote kwenye vibanda vya PlayStation 2 (PS2). Ukiingia kwenye gari la wagonjwa unaweza kuanza kazi ya kuwakimbiza majeruhi hospitalini: hatua ya kwanza ina mgonjwa mmoja, ya pili wawili, na hivyo hivyo hadi hatua ya 12, jumla wagonjwa 78. Ukizimaliza zote, kiwango cha afya ya CJ, mhusika unayemchezesha, kinapanda hadi kikomo chake. Gari la zimamoto nalo lina hatua 12, na baada ya hapo moto haumdhuru tena. Zawadi yenyewe unatangaziwa kazi ikishakwisha. Sasa niambieni, kwenye kibanda unacholipia kwa muda, huku foleni ya watoto ikikupumulia kisogoni, nani angebeba wagonjwa 78 bila kujua anahangaikia nini?

Dark Souls ya mwaka 2011 ndiyo kilele cha dharau. Uzito wa vifaa ulivyovaa ukizidi robo ya uwezo wako, namna unavyobingirika kukwepa pigo inakuwa nzito. Ukizidi nusu, unaanguka kama gunia. Skrini inakuonyesha namba mbili zilizotengwa kwa alama ya mkwaju (/), na hesabu ya asilimia ni juu yako. Unakufa, unaongeza deraya ili usife, na deraya hiyo hiyo ndiyo inayokuua.

Zamani angalau kulikuwa na kijitabu cha maelekezo ndani ya kasha. Mwaka 2010 kampuni ya magemu ya Ubisoft ilitangaza kwamba itaacha kuchapa vijitabu hivyo kwa ajili ya magemu ya mashine za PS3 na Xbox 360, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo. Sisi tulionunua diski za kunakili, zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, hata vijitabu hivyo hatukuwahi kuviona.

Najua watakuja wa kusema kwamba raha ya gemu ni kugundua mwenyewe. Nakubali, iwapo kinachofichwa ni hazina, njia ya mkato au mzaha wa watengenezaji. Namna ya kukwepa pigo si hazina. Tena kufundisha bila kuhubiri kunawezekana: katika Super Metroid ya mwaka 1994, viumbe vitatu vidogo vya kijani vinaruka kutoka ukuta hadi ukuta ndani ya shimo refu ulimonasa. Unavitazama, unaviiga, unatoka. Hakuna hata sentensi moja ya maelekezo, na bado umefundishwa.

Kwa hiyo wale wenye vicheko, leo naomba muandike hapa chini jina la gemu, kitufe, na kazi yake. Kama huna la kuandika, basi usimcheke anayeuliza.