Ufaulu umepanda, au karatasi ilikuwa nyepesi?

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Tunaandaa rasimu ya kanuni za upimaji wa taifa wa hisabati kwa shule za msingi. Maswali 40 ya kuchagua, karatasi mpya kila mwaka, ya zamani huachiwa watu. Wastani umetoka 21 hadi 25 na kila mtu anajipigia makofi. Nikiandika tu kwamba jedwali la utahini (linalopanga kila mada itoe maswali mangapi) lisibadilike, itatosha kulinganisha miaka?

Chaki: Haitoshi, mkuu. 586 − 243 na 502 − 187 zinakaa kisanduku kimoja cha jedwali, "kutoa tarakimu tatu". Ya pili ina kukopa kupitia sifuri. Mtoto anayetoa ndogo kwenye kubwa kila safu anapata 485 badala ya 315. Weka 485 kwenye machaguo, litawazoa wengi. Liondoe, swali limelegea na hakuna aliyegusa jedwali.

Unahitaji maswali ya nanga, yaani yaleyale kila mwaka. Asilimia 20 ya karatasi ndiyo desturi ya chini. Kwa karatasi fupi kama yenu fanya maswali 15, yagawanywe kwa mada kama karatasi kuu. Yasiguswe: maneno, namba, mpangilio wa machaguo, hata nafasi. Swali la 6 likihamishwa kuwa la 38, wapo ambao muda utaisha hawajalifikia.

Mleta mada: Sasa karatasi ikiachiwa, si nanga zimeshatoka?

Kalamu Nyekundu: Ndiyo maana haziingii humo kabisa. Zichapiwe kijitabu chake, wafanye wanafunzi wa shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wiki ileile ya mtihani. Kila nakala iwe na namba. Zilizotumika na zisizotumika zirudi na kuhesabiwa mbele ya watu wawili wanaosaini. Ikipungua moja, hesabu nanga hizo zimevuja.

Halafu soma hivi: nanga mwaka jana wastani 8.4 kati ya 15, mwaka huu 8.5, karatasi kuu ikapanda 21 hadi 25. Hapo karatasi ndiyo iliyolegea, na alama ya kufaulu inapaswa kupanda. Shule zikichaguliwa kwa kujuana, hesabu hii yote haina maana.

Chaki: Nyongeza. Kagua nanga mojamoja kwanza, asilimia ya waliopata kila moja. Nyingine zikisogea asilimia 1 au 2, moja ikaruka kutoka 40 hadi 70, basi imevuja au mada yake siku hizi inafundishwa mapema. Itoe kwenye hesabu za miaka yote miwili, si mmoja.

Na kwenye rasimu usikubali kifungu cha "asilimia fulani wapate daraja la juu". Kikipita, hata watoto wote wakiongeza maarifa, grafu italala palepale.

Mleta mada: Hicho kifungu kimo, ibara ya nne. Nakifuta leo.