Naombeni ushauri: pawabanki ipi inafaa GPS ya mkononi, siku 12 porini?

Mpimamsitu: Wakuu, heshima kwenu. Jumatatu naingia porini Liwale na wenzangu wawili kupima miti kwenye msitu wa kijiji. Siku 12, umeme hakuna, na kila mmoja ana GPS yake. Mwaka jana zilituzimikia siku ya tano, tukarudia mistari miwili mizima kwa miguu. Safari hii kiongozi ni mimi na usingizi sipati. Pawabanki ya mAh ngapi (kile kipimo cha chaji inayobeba) itatosha?

Fundi Volti: GPS gani, mkuu? Taja jina na namba.

Mpimamsitu: Za kawaida tu, zina tundu la USB. Swali langu ni mAh.

Mama Kibo: Mimi naongoza wageni Kilimanjaro. Kuna alfajiri tuliamka kambi ya Kibo, mita 4,720, betri za alkalini zote zimelala kwa baridi. Niliziweka kwapani zikaamka kidogo, tukasogea. Tangu siku hiyo napanda na za litiamu za volti 1.5, zile zisizochajiwa. Ghali, lakini baridi haiziwezi.

Fundi Volti: Dada, Liwale hakuna baridi hiyo. Mpimamsitu, bila jina la mashine tutapiga ramli.

Nahodha wa Kipini: Sisi huku baharini twafunga betri ya pikipiki ya volti 12 na kichaji cha gari. GPS yawaka usiku kucha na samaki twapata. Beba betri ya pikipiki, ndugu yangu.

Mpimamsitu: Nahodha, wewe una boti, mimi nina mgongo.
Haya, Fundi. Ni eTrex 10, tatu. Na niseme kweli, pawabanki nimeshanunua. Tatu, zimeandikwa 50,000 mAh, elfu 25 kila moja, kwa jamaa yangu Kariakoo. Nilitaka mnithibitishie tu.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, umenunua kwa pesa ya nani?

Mpimamsitu: Ya safari, mwalimu. Kwenye karatasi ya matumizi nimeandika "betri". Pawabanki nayo si betri?

Mwalimu Mstaafu: Andika jina la kitu ulichonunua. Karatasi hiyo itakuja kusomwa wewe haupo.

Fundi Volti: Nisikilize. eTrex 10 inatumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Zikiwa nzuri unapata saa 20 hivi. Kwa hiyo mashine inavuta umeme kidogo mno, kama mili-ampea 50 kwenye USB. Pawabanki nyingi zikiona mvuto mdogo hivyo zinadhani simu imejaa, zinajizima zenyewe. Halafu waya unaning'inia, unanasa kwenye vichaka, tundu linavunjika. Na ukishafungua kile kifuniko cha mpira, mvua ikinyesha maji yanaingia.

Mpimamsitu: Lakini hizi ni 50,000, mkuu. Na ni nyepesi, inaingia mfuko wa shati.

Fundi Volti: Huo wepesi ndio unaonitisha. Seli moja ya litiamu ya 3,000 mAh ina gramu 45 hivi. 50,000 ni seli 17, karibu gramu 765 kabla ya ganda. Peleka kwenye mizani ya buchani.

Asiyedanganyika: Wanajamvi, hii chai. Kiongozi wa wapima miti hajui GPS yake inatumia AA? Huyu muuzaji, kesho atatutajia duka. Ujibu hili: kipenyo cha mti unapima urefu gani?

Mpimamsitu: Mita 1.3 kutoka ardhini. Shina likigawanyika chini ya hapo, kila tawi nalihesabu kama mti wake. Na AA nazijua sana! Ndizo zilizotuangusha mwaka jana. Tulinunua za redio duka la kijijini, baada ya saa tatu tu za kazi mashine inalia. Ndiyo maana sitaki kuzisikia.

Asiyedanganyika: Sawa. Nimekuelewa, samahani.

Fundi Volti: Ungesema hilo mwanzoni! Zile ni za kaboni, haziwezi hiyo kazi. Tafuta AA za kuchajiwa, NiMH za 2,000 mAh zinazotunza chaji, na kwenye mipangilio ya GPS ubadilishe aina ya betri iwe NiMH. Usipobadilisha, itakudanganya kuwa zimekwisha.

Mpimamsitu: Nimetoka buchani. Gramu 310. Jamaa yangu hapokei simu.

Mama Kibo: Pole sana, mdogo wangu. Na kwenye GPS umeijaribu?

Mpimamsitu: Nimetoa AA, nikachomeka. Haikumaliza dakika moja, taa za pawabanki zikazima na GPS nayo ikazima.

Nimepata AA za kuchajiwa 12, pea mbili kila mtu, na chaja ya USB ya betri nne. Karatasi ya matumizi nimeirekebisha. Fundi, chaja hiyo naweza kuichomeka kwenye hizi pawabanki?

Fundi Volti: Unaweza, chaja inavuta umeme wa kutosha, haitazimwa. Ila chaji leo usiku, uhesabu kila pawabanki inajaza betri ngapi mpaka inakufa. Hesabu utakayoipata ndiyo uamini, 50,000 isahau. Na beba pea moja ya alkalini kwa kila mtu.

Mpimamsitu: Naanza sasa hivi. Nitaleta majibu asubuhi.