Mtwara hadi Mbeya: kupitia Songea au kuzungukia Dar es Salaam?

Mwana Mikindani
Wadau, salaam. Dada yangu amejifungua Mbeya, nami nampeleka mama akamtunze mzazi. Kwa mstari ulionyooka ni kilometa 750 hivi, lakini barabara haijui kunyooka: njia ya Masasi, Tunduru, Songea na Makambako ina takribani kilometa 1,120, na ile ya Dar es Salaam inakaribia 1,400. Mama ana miaka 68, akikaa muda mrefu miguu humvimba, na amekataa katakata kuacha kiroba chake cha korosho. Naomba kujua ni njia ipi inayochosha zaidi; nauli tutaijadili baadaye.

Dereva Mstaafu
Ndugu, pitia Songea. Ukiondoka Mtwara alfajiri utafika Songea jioni, kwa kuwa ni kilometa zipatazo 660, utalala, na kesho yake zitabaki 460 hivi. Zamani kipande cha Tunduru kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hata gari likaweza kulala porini na abiria wake. Siku hizi ni lami. Mchukulie mama sweta, maana baridi ya Njombe haina mzaha.

Mama Ligula
Namheshimu dereva, ila mimi njia hiyo ilinitesa. Basi letu lilipata pancha mara mbili baada ya kupita Tunduru, tukaingia Songea saa tano usiku, na nyumba ya wageni ya kwanza tuliyobisha hodi ilikuwa imejaa. Kwenda Dar ni kilometa 560 tu, mabasi ni mengi, na tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 hatusubiri tena kivuko cha Rufiji. Nakiri kwamba kutoka Mbagala hadi stendi ya Mbezi, ukiwa na mizigo na foleni, ni safari nyingine kamili. Halafu kuna kilometa 830 za kwenda Mbeya, ambazo takribani 50 ni za ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako dereva hulazimika kupunguza mwendo, na kule Kitonga mtapanda taratibu nyuma ya malori ya Tunduma.

Mkulima wa Nanyamba
Angalieni na majira. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya pwani ilikatika eneo la Somanga, nami niliyekuwa naenda Dar nikajikuta nazungukia Songea.

Mwalimu wa Shangani
Kwa miguu ya mama, ningefikiria ndege. Mtwara hadi Dar ni kama saa moja angani, na kutoka Dar hadi uwanja wa Songwe haizidi sana hapo. Kinachokula muda ni kusubiri kuunganisha Dar, na kiroba kitapanda mizani. Treni ya TAZARA ina vitanda, lakini nayo huanzia Dar na huchukua usiku na mchana.

Mwana Mikindani
Nawashukuru nyote. Tutapitia Songea, ila kwa onyo la Mama Ligula nimekwisha kupiga simu na kulipia chumba, na mwenye nyumba ameahidi kutupokea hata tukichelewa. Nilipomweleza mama, aliuliza jambo moja tu: kama huko Songea atapata maji ya moto ya kukanda miguu.